Maimamu Wanne Mjini Juba

Mwezi Septemba mwaka 2015, Sudan Kusini ilizindua mtaala wake mpya wa taifa. Elimu ya dini ilipewa nafasi ndani yake, na Mkristo na Mwislamu kila mmoja akatambuliwa kuwa na somo lake. Kwa nchi iliyopigana vita viwili virefu, na dini ikiwa miongoni mwa mambo yaliyochochea moto, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kijana wa Kiislamu wa Juba angeisoma dini yake kwa Kiingereza, katika shule za taifa ambalo katiba yake, kifungu cha 8, inatenganisha dini na dola.

Katika masomo ya namna hii kote Afrika Mashariki, mwanafunzi wa sekondari hufika mahali akakutana na maimamu wanne wa fikihi ya Kisunni: Abu Hanifa, Malik, Shafii na Ahmad bin Hanbal. Kwa kawaida hupewa kurasa chache tu. Imamu huyu alizaliwa mwaka huu, akafariki mwaka ule, akaacha kitabu hiki, na wafuasi wake wako nchi hizi. Mwanafunzi hukariri, hujibu mtihani, husahau. Mjini Juba hasara ya kusoma hivyo ni kubwa kuliko kwingi, kwa sababu watu wa sehemu hii wameishi na madhehebu hayo kwa zaidi ya miaka 140: kambini, mahakamani, kwenye ndoa na darasani. Na karibu kila mara yaliwafikia kwa amri ya mtawala.

Tofauti inavyoonekana

Kabla ya kufuata safari hiyo, tuitazame tofauti yenyewe kwa karibu. Chukua swala ya Alfajiri. Anayefuata vitabu vya Kimaliki, vilivyoenea Sudan tangu karne nyingi, husimama mikono imeteremka ubavuni. Anayefuata vitabu vya Kishafii, vilivyotawala pwani ya Waswahili tangu kabla ya Ibn Battuta kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, huweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, chini ya kifua. Mhanafi naye hufunga mikono chini ya kitovu. Imamu akiwa Mshafii, ataisoma Bismillahi kwa sauti kabla ya Alhamdu. Mhanafi ataisoma kimoyomoyo. Mmaliki ataiacha katika swala ya faradhi. Ikifika rakaa ya pili, Mshafii ataleta dua ya kunuti kwa sauti baada ya kuinuka kutoka kwenye rukuu. Mmaliki ataileta pia, lakini kwa siri na kabla ya kurukuu. Mhanafi hana kunuti katika Alfajiri ya siku za kawaida.

Hakuna kati yao aliyejitungia. Malik bin Anas, aliyefariki mwaka 795, aliishi Madina karibu umri wake wote. Kwake, matendo ya watu wa mji wa Mtume, yaliyorithiwa na kizazi baada ya kizazi, yalikuwa ushahidi wenye nguvu kuliko hadithi iliyosimuliwa na mtu mmoja. Muhammad bin Idris Shafii alikuwa mwanafunzi wake, kisha akamkosoa kwa heshima: hadithi ikithibiti mapokezi yake, alisema, desturi ya mji wowote haiwezi kuipiku. Hoja hiyo aliijenga katika kitabu chake *Risala*. Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alikuwa mfanyabiashara wa nguo huko Kufa, mji wa Iraki uliochanganya makabila na biashara za kila namna. Maswali yaliyomfikia yalikuwa mapya, naye akajenga fikihi inayotoa nafasi kubwa kwa kiasi, yaani kulinganisha jambo jipya na lile lenye hukumu, na kwa rai. Ahmad bin Hanbal wa Baghdad, aliyefariki mwaka 855, aliirudisha mizani upande wa mapokezi. *Musnad* yake ina hadithi zaidi ya 25,000.

Mwanafunzi akilielewa hili, mikono ya jirani yake msikitini haitamshangaza tena. Ataona kwamba nyuma ya kila mkao kuna swali la haki: tunajuaje Mtume alifanya nini, na tumwamini nani atuambie?

Kwa mto Nile, pamoja na askari

Katika Sudan ya Kaskazini, fikihi ya Malik ilikuwa imeshika mizizi zamani. Wakati wa usultani wa Funj wa Sennar, kuanzia karne ya 16, wanazuoni walifundisha *Mukhtasar* ya Khalil bin Ishaq na *Risala* ya Ibn Abi Zayd wa Kairouan katika vyuo vidogo vinavyoitwa khalwa. Mwanafunzi aliandika kwenye ubao, akahifadhi, akaufuta, akaandika tena. Madhehebu yaliingia kwa njia ya mwalimu na ubao wake, na hakuna sultani aliyehitaji kuyatangaza.

Mwaka 1821 majeshi ya Muhammad Ali wa Misri yaliuteka Sennar. Misri ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na madhehebu rasmi ya dola hiyo yalikuwa ya Abu Hanifa. Makadhi wapya wakaletwa, na mahakama zikahukumu kwa fikihi ya Hanafi juu ya watu walioswali na kuoana kwa fikihi ya Malik. Kuanzia hapo Sudan ikawa na madhehebu mawili, moja la raia na jingine la serikali. Hali hiyo ilidumu hadi karne ya 20, na ndiyo iliyosafiri kuelekea kusini.

Mwaka 1841 majahazi ya Selim Qabudan, nahodha wa Misri, yalifika eneo la Gondokoro, ng'ambo ya mto kutoka mahali Juba ilipo leo. Baada yao wakaja wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa. Mwaka 1871 Mwingereza Samuel Baker alipandisha bendera ya Misri hapo Gondokoro na kuitangaza ardhi hiyo kuwa mali ya Khedive Ismail, mtawala wa Misri. Ndivyo jimbo la Ikwetoria lilivyozaliwa. Charles Gordon alilitawala, kisha kuanzia mwaka 1878 akaja Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa amechukua jina la Kiislamu.

Askari wa jimbo hilo wengi walikuwa watu wa kusini na wa milima ya Nuba, waliotekwa au kuchukuliwa wakiwa vijana na kuingizwa jeshini. Waliujua Uislamu kambini. Walijifunza Kiarabu cha amri na cha soko, ambacho ni mzazi wa Kiarabu cha Juba na wa Kinubi. Walijifunza kuswali kwa kumtazama aliyewatangulia, na waliowatangulia walitoka katika nchi ya Malik. Kwa maelfu ya watu wa eneo hili, mafunzo ya kwanza ya fikihi yalianza hivyo, bila kitabu, kwa kuiga safu ya mbele.

Tawi lililokwenda kusini

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi. Moja ya hatua zake kubwa ilikuwa kuyaweka kando madhehebu yote manne: zama zake, alisema, zilikuwa za Qurani, Sunna na uongozi aliopewa yeye. Khartoum ilianguka Januari 1885, na Emin akatengwa na dunia. Wafuasi wa Mahdi waliiteka Rejaf, karibu na Juba ya leo, mwaka 1888, wakaishikilia mpaka Wabelgiji walipowaondoa mwaka 1897. Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja, ukingo huu wa Nile uliona dola yenye madhehebu rasmi, kisha dola iliyoyafuta yote.

Askari wa Emin waliosalia walikusanyika chini ya ofisa wao Selim Bey huko Kavalli, kando ya Ziwa Albert. Mwaka 1891 ofisa wa Kiingereza Frederick Lugard aliwachukua na kuwaingiza katika utumishi wa Kiingereza nchini Uganda. Vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo na miji mingine ya Uganda, na wa Kibera jijini Nairobi. Walikwenda na lugha yao, mapishi yao na fikihi ya Malik. Huko wakakuta Waislamu waliofundishwa na walimu kutoka pwani na Zanzibar, wafuasi wa Shafii. Mnubi na Mganda, au Mnubi na Mswahili, waliswali msikiti mmoja kwa mikao miwili.

Uganda ilionja pia uchungu wa tofauti ya fikihi isiyoelezwa vizuri. Kuanzia miaka ya 1920 Waislamu wa Buganda waligawanyika juu ya swali kama baada ya swala ya Ijumaa inapasa kuswaliwa Adhuhuri pia. Pande zikajulikana kwa majina ya Juma na Zukuli, na mgawanyiko ukadumu kwa miongo. Swali lenyewe lina majibu mapana katika vitabu vya kale, kwa kuwa linategemea masharti ambayo kila imamu aliyaweka kwa swala ya Ijumaa. Lakini aliyepewa jibu moja bila hoja yake humwona mwenye jibu jingine kuwa mpotevu.

Mahakama za Khartoum, shule za misheni

Waingereza na Wamisri walipoitawala Sudan, sheria ya mwaka 1902 iliunda mahakama za Kiislamu chini ya Kadhi Mkuu, na hadi mwaka 1947 cheo hicho kilishikwa na Wamisri. Fikihi ya Hanafi iliendelea kuwa ya mahakama. Hata hivyo Kadhi Mkuu alipewa uwezo wa kutoa nyaraka za kuagiza hukumu kutoka madhehebu mengine, na nyaraka hizo zina mafunzo makubwa kuliko sura nyingi za vitabu vya shule.

Mfano ni ndoa. Katika fikihi ya Hanafi, mke anayeteswa na mumewe hana njia pana ya kumwomba kadhi amtenganishe naye. Malik alimfungulia mlango: akithibitisha madhara, kadhi atavunja ndoa. Katikati ya miaka ya 1910 mahakama za Sudan zilichukua kauli ya Malik, kabla Misri yenyewe haijafanya hivyo. Upande wa walii, yaani msimamizi wa ndoa, mambo yalikwenda kinyume. Abu Hanifa alimruhusu mwanamke aliyebaleghe na mwenye akili timamu ajiozeshe. Malik, Shafii na Ahmad walimtaka awe na walii, na katika vitabu vya Kimaliki baba angeweza kumwoza binti yake bikira bila idhini yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mahakama zikafuata Malik katika hilo. Mwaka 1960 waraka mwingine ukarudisha sharti la ridhaa ya binti, kwa kurejea Abu Hanifa.

Mahakama zilezile zilizomfuata Malik ili kumwokoa mke zilimwacha kwa ajili ya binti. Hapo kijana wa kidato cha tatu angeona kwamba madhehebu ni hazina, kwamba kuchagua kati ya kauli kuna matokeo kwa mwili na maisha ya mtu, na kwamba hakuna imamu mmoja aliye laini katika kila jambo wala mkali katika kila jambo.

Mambo hayo yalitokea kaskazini. Kusini, serikali hiyohiyo ilikuwa ikifunga mlango. Mwaka 1917 askari wa kaskazini waliondolewa Mongalla, makao makuu ya jimbo, na kikosi cha watu wa Ikwetoria kikachukua nafasi yao. Sheria ya mwaka 1922 ilizuia watu wa kaskazini kuingia wilaya za kusini bila kibali. Mkutano wa Rejaf wa mwaka 1928 ulichagua lugha za wenyeji za kufundishia, zikiwemo Kibari, Kidinka na Kizande, na Sera ya Kusini ya mwaka 1930 ikakamilisha utengano. Shule ziliachiwa wamisheni.

Ni katika miaka hiyo mji wa Juba ulipoanza, makao makuu hayo yalipohamishwa kutoka Mongalla. Mji wa wamisheni na maofisa wa Kiingereza ulikuwa pia na mtaa wa Malakia, walikoishi askari wastaafu, wachuuzi na mafundi, wengi wao Waislamu. Watoto wao walijifunza dini nyumbani na kwa mwalimu wa mtaani. Shule rasmi haikuwa na nafasi kwa Malik wala kwa Abu Hanifa.

Shule inapogeuzwa silaha

Kisha mlango uliofungwa kwa nguvu ukafunguliwa kwa nguvu. Sudan ilipata uhuru mwaka 1956, miezi michache baada ya maasi ya askari wa kusini huko Torit, Agosti 1955. Mwaka 1957 serikali ilizichukua shule za misheni. Jenerali Ibrahim Abboud aliponyakua madaraka mwaka 1958, elimu ikawa chombo cha kuwafanya watu wa kusini kuwa Waarabu na Waislamu. Vyuo vya kati vya Kiislamu vilifunguliwa Juba, Wau, Maridi na miji mingine. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ikahamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, na wanafunzi wa kusini wakagoma. Mwaka 1964 wamisheni takriban 300 walifukuzwa.

Ni haki kusema wazi kwamba hili liliwadhulumu watu wa kusini, na liliudhuru Uislamu wenyewe. Elimu ambayo Sennar iliingia kwa ubao wa mwanafunzi, Juba iliingia kwa amri ya gavana. Kijana Mkristo aliiona kuwa nembo ya utawala. Kijana Mwislamu wa Malakia, ambaye babu yake aliswali hapo kabla ya Abboud kushika madaraka, akajikuta akitazamwa kama mtu wa Khartoum.

Makubaliano ya amani ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalileta utulivu wa muongo mmoja. Septemba 1983 Rais Jaafar Nimeiri alitangaza sheria za Kiislamu nchi nzima, vita vikiwa vimeshaanza tena tangu Mei. Sheria moja ya mwaka huo iliwaelekeza mahakimu warejee Qurani na Sunna moja kwa moja pale sheria iliponyamaza. Walioijua fikihi walikiona kilichopotea: tahadhari ya wanazuoni, masharti ya ushahidi waliyoyaweka, na shaka iliyowafanya wazuie adhabu. Viungo vya watu vilikatwa Khartoum kwa hukumu zilizotolewa haraka. Juba ilibaki ngome ya jeshi la serikali mpaka amani ya Januari 2005, na shule zake nyingi zilifuata mtaala wa Khartoum kwa Kiarabu.

Vitabu viwili, mji mmoja

Wakati huo watoto wengine wa kusini walikuwa wakisoma mbali. Kambi ya Kakuma nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilifuata mtaala wa Kenya, na makazi ya wakimbizi ya Uganda yalifuata wa Uganda. Muhtasari wa Kenya wa elimu ya dini ya Kiislamu kwa sekondari una mada ya maimamu wanne, lakini mazingira ya mwalimu wake mara nyingi ni ya Kishafii. Amani ilipokuja, na baada yake uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, watu walirudi Juba. Aliyebaki mjini aliifahamu dini kwa Kiarabu, kupitia vitabu kama *Akhdari*, ambacho huwafundisha wanaoanza udhu na swala kwa fikihi ya Malik. Aliyerudi aliifahamu kwa Kiingereza au Kiswahili, akiwa na kunuti ya Shafii kichwani. Mwaka 2016 nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na njia ya kwenda Kampala, Nairobi na Zanzibar ikazidi kufunguka.

Kwa hiyo tawi lililokwenda kusini na Selim Bey na tawi lililobaki Nile yamekutana, na mahali pa kukutania ni darasa. Kwa mara ya kwanza, hakuna serikali mjini Juba inayomwambia Mwislamu afuate imamu yupi. Huu ni uhuru ambao Sudan ya Uthmaniya, ya Mahdi, ya Kadhi Mkuu na ya Nimeiri haikuwahi kuutoa. Uhuru huo unaweza kuzaa ugomvi wa Juma na Zukuli, au ukazaa elimu. Mwalimu ndiye atakayeamua, pamoja na aina ya swali litakaloandikwa kwenye karatasi ya mtihani.

Na yapo ya kufundisha katika maisha ya maimamu wenyewe. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba khalifa wa Baghdad alimtaka Malik akubali *Muwatta* yake iwe sheria ya dola nzima, na Malik akakataa: masahaba walitawanyika katika miji mbalimbali, na kila mji una elimu iliyoufikia. Kwa msimamo wake katika suala jingine, gavana wa Madina alimchapa viboko. Abu Hanifa alikataa ukadhi wa khalifa, akafungwa. Shafii aliburutwa hadi kwa Harun al-Rashid akituhumiwa uasi. Baadaye, alipohama kutoka Baghdad kwenda Misri, alizibadilisha kauli zake nyingi, na wafuasi wake wakazihifadhi zote, za zamani na mpya. Ahmad alipigwa mijeledi kwa kukataa itikadi iliyolazimishwa na makhalifa.

Wote wanne waligongana na watawala, na aliyepewa fursa ya kulazimisha kauli zake aliikataa. Kwa mji ambao madhehebu yaliletwa na jeshi la Khedive, yakafutwa na Mahdi, yakawekwa mbali na Waingereza na kurudishwa na Abboud, hakuna somo la fikihi lililo muhimu kuliko hilo. Mwanafunzi wa Juba asiulizwe tu Imamu Malik alifariki mwaka gani. Aulizwe kwa nini alikataa, Shafii alimpinga kwa hoja ipi, na jirani yake anayeswali mikono imeteremka ana ushahidi gani. Akiweza kuitoa hoja ya mwenzake kwa uaminifu kabla ya kutaja yake, atakuwa ameipata elimu ambayo hakuna mtawala wa mto huu aliyewahi kuwapa babu zake.